Dakika Kumi na Saba

Beatha alikaza skrubu ya mwisho Jumatatu moja ya mwezi wa saba, baridi ya Moshi ikiwa imekolea na mlima haujaonekana wiki nzima. Alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama. Kompyuta ya mezani, ameiunda mwenyewe kipande kwa kipande katika chumba cha mbele cha nyumba yake ya Shirimatunda. Akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa ndogo ikawaka, maandishi yakajitokeza kwenye skrini. Akageuka kumwambia mtu, na hakukuwa na mtu.

Alikuwa na miaka arobaini na minane. Baba yake alitoka Bukoba zamani, akaja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko tambarare, akalea watoto wake katika nyumba za kampuni. Alipostaafu alirudi kwao na wote wakamfuata, isipokuwa Beatha. Yeye alikuwa ameshapata kazi mjini, ya kuhariri video za harusi. Wapiga picha walimletea walichopiga, yeye akakata, akapanga, akaweka nyimbo. Miaka kumi na tisa sasa alikuwa akikaa peke yake chumbani akitazama watu wakicheza na kulishana keki. Maharusi wengi wa mji ule aliwajua kwa sura, na wao hawakumjua. Siku nyingine alikutana sokoni na bibi harusi wa mwaka juzi, akamchekea, ndipo akakumbuka kwamba yule hajawahi kumwona.

Mashine yake ya zamani ilikuwa imechoka. Ile kazi ya mwisho ya kuunganisha vipande vyote kuwa filamu moja, ambayo wenyewe huiita kurenda, iliichukua saa kumi na moja, na muda wote huo hakuthubutu kuigusa. Hii mpya ilimaliza kazi kama hiyo kwa saa tatu. Bado Beatha alitaka zaidi. Alikuwa amesoma kwamba prosesa aliyoinunua, ule ubongo wa mashine, huweza kwenda kasi kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani, mwenyewe akiwa na subira.

Siku ya pili akaenda mjini kwa Mzee Hafidhi, aliyemuuzia vifaa. Mzee huyo alianza ufundi kwenye redio, akahamia televisheni, na sasa duka lake lilijaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Imewaka?"

"Imewaka. Sasa nataka kuiongezea kasi."

Hafidhi akaweka chini pasi yake ya kulehemu. "Una haraka ya nini?"

Beatha akaegemea kaunta. "Kazi ni nyingi," akasema.

"Haya, sikiliza. Kwanza, kazi za watu zihifadhi pengine kabla hujagusa chochote. Halafu panda ngazi moja moja. Ukipanda, ipe kazi ngumu saa nzima huku unatazama joto. Ikitulia, panda nyingine. Volti usiziguse mpaka ikatae, na ukizigusa, ziguse kidogo sana, maana kinachoua prosesa hasa ni volti. Ikifika nyuzi themanini na tano, shuka. Na usijisahau, hii ni Julai. Februari inakuja na joto lake, na litakukuta na mipangilio ya Julai."

Beatha akarudi nyumbani akafanya kama alivyoambiwa. Alinakili kazi zote kwenye diski ya pembeni. Alihakikisha betri ya akiba imejaa, kwa sababu umeme wa Shirimatunda ulikuwa na tabia ya kupepesa. Kisha akafungua mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, ile inayoonekana kabla haijaamka vizuri, akapandisha kasi kutoka gigahezi nne nukta mbili hadi nne nukta tatu. Akairuhusu iwake, akaitwisha programu ya majaribio, akavuta kiti.

Saa nzima alikaa akitazama namba. Sitini na mbili. Sitini na nne. Feni zilikuwa zikinguruma kama mtu anayekoroma chumba cha pili, na Beatha akajikuta anazipenda kwa sababu hiyo. Nne nukta nne, nyuzi sitini na tisa. Nne nukta tano, sabini na mbili. Kesho yake nne nukta sita, sabini na sita. Alipofika nne nukta nane skrini ikawa ya buluu, mashine ikazima. Alingoja, akaiwasha tena, akashusha mpaka nne nukta saba na kuongeza volti kwa chembe tu. Ikaenda, lakini joto likapanda hadi themanini na tatu, na dirisha lilikuwa wazi, na nje kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta mbili. Alikumbuka neno la Februari. Akairudisha nne nukta sita, akarudisha na volti zake zilipokuwa, akaipa kazi ngumu asubuhi hadi alasiri. Haikutetereka.

Hapo ndipo alipopima faida. Kazi ya kurenda ya saa tatu sasa iliisha dakika kumi na saba kabla ya wakati wake.

Alicheka mwenyewe. Siku tatu za kuhangaika kwa dakika kumi na saba. Akampigia Mzee Hafidhi amweleze, lakini sauti za wateja zilikuwa nyingi upande ule na mzee akasema, "Vizuri, mama, vizuri," akakata. Beatha akaiweka simu mezani. Alitaka kumweleza mtu ule mshtuko wa skrini ya buluu, na jinsi alivyoshuka badala ya kung'ang'ana.

Alhamisi Calvin alikuja na pikipiki, akampa flashi mlangoni bila hata kuvua kofia. Calvin alikuwa mpiga picha, kijana mwenye adabu na haraka.

"Dada Beatha, hii ni ya Kilema. Harusi kubwa, kwaya tatu. Wanaitaka wiki ijayo."

"Itakuwa tayari."

Akaichomeka, akafungua faili la kwanza. Kanisa la zamani la misheni, ukungu mlangoni, magari yenye maua. Kisha bibi harusi akashuka, akainua uso, na Beatha akaisimamisha picha. Alikuwa Kindness.

Kindness huyu, Beatha alimbeba mgongoni akiwa mchanga. Mama yake Kindness, Redempta, na Beatha walipanga chumba kimoja mjini wakiwa wasichana, wakifanya kazi katika studio moja ya picha. Redempta alipomzaa Kindness bila mume, walimlea wote wawili. Mmoja akiwa kazini, mwingine ana mtoto. Hivyo walikaa miaka saba. Kisha Redempta akaolewa na Mathayo, mwalimu wa Kilema, mtu mpole, akapanda huko mlimani na mtoto. Wakatembeleana mara nyingi, halafu mara chache. Miaka minne iliyopita Mathayo alifariki. Msiba ulikuwa Jumamosi. Beatha hakwenda. Alituma rambirambi kwa simu na kusema ana harusi ya kukabidhi, kompyuta inarenda, hawezi kuiacha. Tangu siku ile Redempta hakumpigia tena.

Aliendelea kutazama. Calvin alikuwa amembandika bibi harusi kipaza sauti kidogo kifuani, akasahau kukizima bibi harusi na mama yake walipokuwa chumba cha nyuma cha kanisa wakirekebisha shela. Sauti ya Kindness ilisikika, ya chini, yenye wasiwasi.

"Mama, anti Beatha ulimwambia?"

Kitambaa kikasuguana na kitambaa. Kisha sauti ya Redempta, "Beatha hana nafasi. Mwenye kazi mwache na kazi yake. Inua kidevu."

Beatha akairudisha nyuma, akaisikiliza tena. Akaisikiliza mara ya tatu. Akatoka uani, akaanua nguo ambazo hazijakauka, akazianika tena.

Alifanya kazi siku nne. Kila kipande alikigusa kwa mkono mwepesi. Pale penye shela aliondoa sauti yote, akaweka wimbo wa kwaya, kama ambavyo angemfanyia mteja yeyote. Asubuhi ya Jumanne akaanza kurenda. Joto lilisimama sabini na tano. Saa sita kasoro filamu ilikuwa imekamilika, haina doa.

Akabaki amekaa. Mchana mzima ulikuwa mbele yake, mtupu. Hapakuwa na kazi nyingine hadi kesho, na hapakuwa na mtu anayemngoja mahali popote. Ndipo swali la Mzee Hafidhi likamrudia, una haraka ya nini, na safari hii hakuweza kulijibu kwa kazi ni nyingi. Alijiuliza: kama ile Jumamosi ya msiba angekuwa na mashine hii, angekwenda? Alijaribu kusema ndiyo. Lakini alikumbuka kwamba mara nyingi aliwahi kuiacha ile ya zamani ikirenda, akaenda sokoni, akaenda kanisani. Kompyuta haikumfunga mguu. Alikuwa na hasira, hasira ya miaka mingi isiyo na jina, akaifunika kwa kazi.

Akampigia Calvin. "Ya Kilema nitaipeleka mwenyewe."

"Dada, mbali. Nitaifuata jioni."

"Nitaipeleka mwenyewe, Calvin."

Alizima mashine, akapanda gari la Marangu, akashuka njiani, akachukua pikipiki kupanda Kilema. Nyumba ya Redempta ilikuwa imezungukwa na uzio wa masale yaliyostawi. Beatha hakuwa Mchaga, lakini alikuwa amekaa nao maisha yake yote na alijua mkosaji huja kuomba msamaha na jani la isale. Mkono wake ukanyooka kidogo, ukarudi. Mtu haombi msamaha kwa jani la uzio wa yule yule aliyemkosea.

Redempta alikuwa nje, akigeuza kahawa juu ya kichanja cha waya. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi pande zote mbili. Akainua macho.

"Beatha."

"Nimeleta filamu ya Kindness. Nimeihariri mimi."

"Calvin hana miguu?"

"Anayo. Nilitaka kuja." Beatha alisimama na flashi mkononi kama mwanafunzi aliyeitwa. "Reda, nimekuja kukupa pole ya Mathayo."

Redempta aliendelea kugeuza kahawa. "Pole ya miaka minne."

"Ndiyo."

"Nilikungoja mpaka siku ya kuanua tanga. Kila gari likisimama barabarani, nachungulia. Watu wananiuliza, yule mwenzako wa mjini yuko wapi, nawaambia ana kazi."

"Kazi nilikuwa nayo, ila siyo iliyonizuia. Nilikuwa na hasira na wewe. Uliolewa ukapanda huku na mtoto, ukaniacha na kile chumba na kitanda chake kidogo. Nikasema na wewe uonje."

Mikono ya Redempta ikasimama juu ya kahawa. "Nilionja," akasema. Akaongeza, "Kaburi liko nyuma, mgombani. Nenda ukamsalimie. Mimi leo sina cha kukujibu."

Beatha akaenda peke yake. Kaburi lilikuwa la saruji, lina msalaba na jina, na majani makavu ya migomba yameangukia juu yake. Yeye na Mathayo walikuwa wameonana labda mara kumi, na mara zote kumi Mathayo alimfungashia mkungu wa ndizi wa kurudi nao. Aliinama akaondoa majani, moja moja, mpaka saruji ikabaki safi. Aliporudi Redempta hakuwepo nje. Juu ya benchi palikuwa na bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi, limefunikwa kwa sahani. Beatha alikaa, akala, akimsikia mwenye nyumba akiosha vyombo ndani. Aliacha flashi kando ya bakuli, akaita kwaheri mlangoni.

"Kindness na Godwin wake watakuja Jumapili kuitazama," Redempta alijibu akiwa ndani. Hakusema njoo, wala hakusema usije.

Jumapili Beatha alikwenda. Sebule ilijaa; wajomba, mashangazi, majirani wa jumuiya. Kindness alimkumbatia, akamshika kwa muda mrefu, kisha akaitwa kukaa mbele na mumewe. Beatha akapata nafasi nyuma, karibu na mlango. Filamu ikaanza. Ilipofika pale penye shela, midomo ya Kindness na mama yake ilisogea, lakini ukasikika wimbo tu. Redempta akageuza shingo, akamtafuta Beatha kwa macho juu ya vichwa vya watu, akamtazama. Kisha akageukia televisheni tena.

Beatha yeye hakuitazama filamu; aliijua sekunde kwa sekunde. Alitazama nyuso. Miaka kumi na tisa hajawahi kuona watu wakiangalia kazi yake. Shangazi mmoja aliziba mdomo kwa kanga. Mjomba alirudia maneno ya hotuba yake mwenyewe kwa midomo. Ilipofika sehemu ya kwaya walianza kuimba wote, sebule nzima, na Beatha, ambaye hakuyajua maneno ya Kichaga vizuri, alisimama mlangoni akisikiliza.