Chakula Kibichi cha Meneja

Mwaka jana daktari mmoja wa hapa Nyeri alikitazama kidole gumba cha mguu wangu wa kulia, ambacho kilikuwa kimevimba na kuiva kama nyanya, akaniambia niachane na nyama. Ugonjwa wenyewe unaitwa gauti. Nyama nyekundu, maini, figo, matumbo, supu ya mifupa, vyote alivikata kwa sentensi moja. Nikamuuliza kama mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, nao unahesabiwa. Aliendelea kuandika dawa.

Mimi ni Wamae. Nina duka la miwani mjini, na kazi yangu ni kukata vioo na kuvitia kwenye fremu. Ni kazi ya kukaa, na mtu anayekaa kutwa hana la kungojea ila chakula cha jioni. Kwa miaka mingi nilikuwa nikifunga duka napitia kwa Gatimu, mwenye buchari. Akiniona naja alianza kunoa kisu kabla sijamsalimu. Baada ya maneno ya daktari nilianza kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma, kupitia sokoni, kama mtu aliyeachana na mpenzi.

Mke wangu, Kagwiria, ambaye ni mwalimu wa hesabu na kwao ni Meru, alilipokea jambo hilo kwa utulivu. Nyumbani kwetu Kamakwa tukaanza kula ndengu, maharagwe na kunde, na siku ya sherehe, ndengu kwa chapati. Hakulalamika hata siku moja. Mimi nililalamika kwa niaba yetu sote wawili.

Tukiwa katika hali hiyo, binti yetu Nyawira, anayefanya kazi Nakuru, alitutumia video kwenye simu. Mwanamume fulani wa ng'ambo alikuwa akieleza kwamba mbwa ana damu ya mbwa mwitu, na kwamba chakula cha kupikwa kinamharibia tumbo, meno na manyoya. Mbwa, alisema, apewe nyama mbichi, mifupa mibichi na maini kidogo. Nyawira aliituma ili tucheke, kwa sababu mbwa wa kwenye video alikuwa na kitanda kizuri kuliko chake. Mimi sikucheka. Niliirudia hadi simu ikaisha chaji.

Mbwa wetu anaitwa Meneja. Sikio lake moja husimama kama la mbwa wa polisi na lingine limelala, kwa hiyo nusu yake ni ukoo mkubwa na nusu ni Kamakwa. Tangu utoto alikuwa amekula ugali na mabaki ya githeri ya mahindi na maharagwe, na hakuwahi kuugua. Lakini jioni ile nilipomtazama niliona mnyama aliyedhulumiwa.

"Meneja anakonda," nilimwambia Kagwiria.

Kagwiria alimtazama Meneja, ambaye alikuwa amelala ubavu kwa kushiba. "Anakonda wapi?"

"Ndani."

Kesho yake nilirudi kwa Gatimu, na niliingia kwa mlango wa mbele.

"Wamae," akasema, "nilisikia ati ulikatazwa nyama."

"Hii ni ya mbwa."

"Basi nikupatie vipande vya mbwa. Niko navyo hapa chini."

"Hapana. Nipe mbavu. Na maini kidogo. Huyu ana chakula maalumu."

Gatimu alininolea kisu kama zamani. "Mbwa yako iko na bahati," akasema. Nami nikahisi, sijui kwa nini, kwamba aliyesifiwa ni mimi.

Shida ni kwamba Meneja hakuwa ameitazama ile video. Nilimwekea mbavu mbichi kwenye bakuli lake, akazinusa, akanitazama, akaenda kulala chini ya gari. Siku ya pili vilevile. Nikafikiri labda baridi ya nyama inamsumbua, maana ilikuwa imetoka kwenye friji. Jumamosi, Kagwiria alipokwenda kwenye chama chake cha akina mama, niliwasha jiko la makaa nyuma ya nyumba na kuipasha ile nyama kidogo tu, kuitoa baridi. Meneja alitoka chini ya gari. Nikaipasha kidogo zaidi. Akaketi karibu yangu, sikio lililolala likasimama.

Mambo haya hayaji kwa siku moja. Jumamosi iliyofuata niliigeuza upande wa pili. Iliyofuata tena niliiacha mpaka mafuta yakaanza kudondoka juu ya makaa. Baada ya muda nilikuwa nikimchomea Meneja mbavu zilizoiva barabara, na moyoni bado nikiziita chakula kibichi. Halafu, kwa kuwa mtu hawezi kumpa mnyama kitu asichokijua, nilianza kuonja. Mwishowe tulikuwa na utaratibu wetu: nakata kwenye ubao, kipande chake, kipande changu. Meneja alijifunza kungoja zamu yake, naye aliniheshimu nilipochukua yangu. Kachumbari ilikuwa yangu peke yangu, kwa sababu vitunguu ni sumu kwa mbwa. Video ilisema hivyo, na mimi nilifuata video.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilianza kuhubiri. Mteja alipokuwa ameketi akisoma herufi ukutani, nilikuwa nikimwambia habari za meno ya mbwa mwitu. Niliwaonyesha watu picha za manyoya ya Meneja yakimetameta. Wengine walidhani nauza dawa.

Kidole changu nacho kikaanza tena kuvimba. Kagwiria alinichemshia maji, akanikanda mguu jioni nzima akifikiri.

"Labda ni maharagwe," akasema. "Nimesikia hata hayo yanaweza kuleta."

"Inawezekana," nikasema, huku nikitazama dari.

Akaacha kupika maharagwe. Kunde nazo zikaondoka. Tukabaki na kabeji na viazi.

Habari zangu zikafika mpaka Endarasha, kwa binamu yangu Theuri, ambaye analima viazi na kufuga kondoo. Yeye na akina baba wenzake wa kanisani walikuwa wakitafuta njia ya kuwatunza mbwa wao wa kulinda mifugo. Akanipigia simu akaniomba niende siku ya mkutano wao, niwafundishe, na nije na Meneja wamwone. Kagwiria aliposikia akasema atakuja pia, amsalimie Watiri, mke wa Theuri.

Endarasha siku hiyo ilikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Akina baba walikuwa wameketi uwanjani kwa Theuri wamevaa makoti na kofia za sufu. Pembeni, jirani yake aitwaye Muchangi alikuwa akichoma mbuzi wa mkutano. Nilichagua kusimama mahali ambapo moshi haunifikii, kwa usalama wangu.

Nilizungumza vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo sehemu ya mwisho ya siku ile ninayoweza kujisifu kwayo. Nilieleza habari za mbwa mwitu, za meno, za tumbo. Mzee mmoja, Kinuthia, akainua mkono.

"Sasa huyo mbwa akizoea nyama mbichi, kondoo yangu itapona?"

"Mbwa aliyeshiba hana haja na kondoo," nikajibu.

"Na minyoo je?"

"Kuna dawa ya minyoo."

"Na wewe umeona kwa macho yako akila mbichi?"

"Mtaona wenyewe," nikasema.

Nikamwita Meneja. Theuri aliniletea kipande cha paja la mbuzi, kibichi, chenye damu, nikakiweka kwenye sahani mbele ya watu wote. Meneja alikinusa. Akanitazama kwa mshangao kidogo, kama mfanyakazi aliyepewa maagizo yasiyokamilika. Kisha akakichukua kwa upole mdomoni, akatembea nacho kati ya viti vya akina baba, akakiweka chini miguuni pa Muchangi, kando ya moto. Akaketi, masikio yote mawili juu.

Muchangi alinitazama, akamtazama mbwa.

"Anataka nimchomee?"

Muchangi akakiosha kile kipande, akakiweka juu ya moto. Meneja akajilaza, akaegemeza kidevu kwenye miguu yake ya mbele, akangoja. Muchangi alipokigeuza, mkia ukatikisika. Kilipoiva, akakikatakata kwenye ubao, akamrushia kipande kimoja. Meneja akala. Akamrushia cha pili. Hicho Meneja hakukigusa. Aligeuka akanitafuta kwa macho kati ya watu, akanitazama, akatazama ubao, akanitazama tena. Muchangi akakisogeza kile kipande karibu na pua yake. Meneja akakaa tu, akinitazama mimi.

Kagwiria alikuwa amesimama mlangoni kwa Watiri, kikombe cha chai mkononi. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Niliona uso wake ukijumlisha: Jumamosi, makaa yanayoisha haraka, kidole.

"Chukua chako, Baba Nyawira," akasema. "Mbwa anakungoja."

Kicheko kilianzia kwa Kinuthia kikazunguka uwanja mzima, na mzee mmoja alilazimika kushikwa asianguke na kiti. Theuri alijaribu kunitetea, akasema kwamba angalau mbwa ana nidhamu. Nilichukua kile kipande kwa sababu vinginevyo Meneja asingekula. Ilikuwa nyama nzuri sana. Sikuifurahia.

Wakati wa kurudi Kagwiria ndiye aliyeendesha, kwa kuwa kidole hakikuweza kukanyaga breki. Tulikuwa tukikaribia Mweiga. Meneja alikuwa amelala kiti cha nyuma.

"Sijaonja nyama tangu siku ile ya daktari," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu. "Hata harusi ya mdogo wangu Kajuju kule kwetu nilikula wali na kabeji. Shangazi aliniuliza kama ninaumwa. Nilijiambia, huyu mtu atavumiliaje akisikia harufu ya nyama kwangu."

Nilikuwa nimejiona mjanja muda wote huo, na ujanja wangu wote ulikuwa umemwangukia yeye: maharagwe, kunde, maji ya moto, mguu wangu magotini pake.

"Nisamehe, Mama Nyawira," nikasema.

Alipunguza mwendo, akaegesha gari mbele ya hoteli moja ya nyama choma kando ya barabara. Tukaingia, mimi nikichechemea. Mhudumu alipokuja, Kagwiria aliagiza mbavu za mbuzi, zichomwe polepole, na supu kwanza.

"Na mzee?"

"Mzee mletee ugali na sukuma wiki."

Alikunywa supu yote. Nyama ilipokuja aliila bila haraka, kipande kwa kipande, akiusafisha kila mfupa. Nilimtazama mke wangu akila, na kwa mara ya kwanza tangu daktari aliponikataza, nilisahau kuitamani ile nyama.

Mhudumu alirudi akaniuliza kama chakula kinanipendeza. Nikasema kinanipendeza sana, asante. Kagwiria aliinua macho akaniona nikihangaika na sukuma iliyoning'inia mdomoni. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akatoa kitambaa akafuta machozi. Kisha akavuta sahani yake karibu naye zaidi, akaendelea kula.