Mbegu Chini ya Mfuniko

Mimi ni Mkisi, na mfinyanzi wa Kikisi hamwamini mtu anayeharakisha udongo ukauke. Basi Eliud alipovuka mto Songwe, zama zile za Mdachi, akaja Busale nilikoolewa kutangaza kwamba Bwana atarudi kabla ya mvua za kwanza, niliuliza tu yeye amejuaje, maana Bwana mwenyewe alisema siku ile haijui mtu. Wanawake wakasema nina moyo mgumu. Sawa, ninao.

Eliud alifundisha kwamba anayetunza mbegu hana imani, kwa kuwa atakayenyakuliwa hapandi. Busale nzima ikatwanga mbegu yake ya mpunga, ikala wali kana kwamba kuna harusi. Jirani yangu Marta alivunja hata vyungu nilivyomfinyangia, eti mbinguni hakuna kupika. Hapo nilikasirika kweli.

Mume wangu Gideoni naye akaja kuchukua mbegu yetu. Nilikuwa nimemuwahi. Niliimimina kwenye chungu changu kikubwa, nikafunika, nikaziba ukingo kwa udongo mbichi na kuchora juu yake alama ninayochora kwenye vyungu vyangu vyote. Nikamwambia akitaka avunje, lakini avunje mbele yangu.

Hakuvunja. Alikaa chini akalia.

“Mama Rut,” akasema, “Bwana alisema wawili watakuwa shambani, mmoja atachukuliwa, mwenzake ataachwa. Nitafanya nini huko juu, nawe umebaki huku na chungu chako?”

Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyowaswaga ng’ombe wa mahari hadi kwa baba yangu. Lakini chungu sikukifungua.

Siku aliyoitaja Eliud ilipofika, walipanda kilimani asubuhi, wamevaa nguo nyeupe za marekani, wanaimba. Gideoni alinishika mkono, akakawia kuuachia, kisha akawafuata. Mimi nikachukua jembe nikashuka shambani.

Mchana wingu likatoka ziwani, mvua ya kwanza ikamwagika, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Nyimbo za kilimani zikapungua, zikanyamaza. Eliud akawaambia hawakuwa wamesali vya kutosha, akashika njia ya kurudi Songwe.

Gideoni akanijia shambani amelowa, marekani imemganda mwilini. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, lakini nilipomwona uso kicheko kikaniishia.

“Ndaga, Mama Rut,” akanishukuru. Kisha akatazama juu, bado ana hofu. “Na akija sasa hivi?”

“Baba Rut, ulisema wale wawili watakuwa wapi?”

“Shambani.”

“Basi shika jembe.”

Jioni alikata ule udongo kwa kisu, polepole, asije akaumiza chungu. Mbegu ilitutosha, ikabaki ya kuwagawia majirani. Marta nilimtilia yake kwenye kapu, maana chungu hakuwa nacho.

Msimu ule wote Gideoni alilima bega kwa bega nami, hata majembe yetu yakawa yanagongana. Nilimwambia asogee, shamba ni kubwa. Akakataa. Alisema Bwana akija na kutaka mmoja, itabidi kwanza ahangaike kututenganisha.