Mtungo Uliofungwa Upande wa Injini

"Polepole," alisema Orlen.

Ardis alikuwa anakwenda polepole. Injini ilinguruma kwa sauti ya chini kabisa, na boti ilirudi kinyumenyume ikifuata ukingo wa mwamba ulio chini ya maji, kama Orlen mwenyewe alivyokuwa akifanya kwenye Ziwa Tarvald kila kiangazi kwa miaka arobaini na mmoja. Kupunguza zaidi ya hapo kungekuwa kutia nanga.

"Naenda polepole."

"Unakwenda kama mtu anayewahi mazishi."

"Yatakuwa yako, mzee, usiponyamaza."

Orlen Skogmo alikuwa amekaa mbele, mahali pa Ardis, mkewe, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Aprili madaktari walimpasua bega, na baada ya kulishona wakamwambia kwamba mkono ule hautazungusha tena mpini wa injini. Tangu siku hiyo alikaa dirishani nyumbani akirudia neno lile lile: kama hawezi kuendesha boti, hakuna haja ya kuwa na nyumba ya ziwani. Auziwe mtu mwenye mikono miwili.

Ardis ndiye aliyeipaka nyumba ile rangi mara saba. Ardis ndiye aliyefukuza popo darini na kupanda stroberi nyuma ya stoo. "Nitaendesha mimi," alimwambia. Orlen alicheka. Ardis hakucheka. Mwishowe wakaafikiana siku moja, Jumamosi ya pili ya Julai. Watatoka wawili, wavue, na saa sita mchana wafike kwenye Mwamba wa Hedlund na samaki wa chakula cha mchana, ambako Delmar, mdogo wake Orlen, atakuwa anawasubiri na kikaango. Siku ikienda vizuri, nyumba inabaki. Ikiharibika, inauzwa kabla ya barafu.

Kwa hiyo Ardis alikuwa na kazi tatu: kushika injini, kushika ufito wake wa kuvulia, na kumvumilia Orlen. Ya tatu ndiyo iliyomchosha.

"Kushoto!" Orlen alipiga kelele.

Ardis alikata kushoto.

"Kushoto, nimesema!"

"Kushoto kwako au kwangu? Umenigeukia, Orlen!"

"Kushoto kwa boti!"

"Boti inarudi nyuma!"

Injini iligusa jiwe, ikakwaruza, ikapita. Orlen alifumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Ardis aliitoa boti kwenye kina cha futi kumi na nane, akachukua ruba mwingine kwenye kopo, akamtunga kwenye ndoana bila kumtazama mumewe. Ruba alijizungusha kidoleni mwake. Hata huyu, aliwaza, hataki kufanya kazi bila kubishana.

Lakini samaki walikula. Wolai, samaki wa ziwa lile, hali chambo kwa fujo. Anakuja kama mtu anayejaribu kitasa cha mlango usiku, na ukivuta mapema umemkosa. Ardis hakuvuta mapema. Kufika saa nne walikuwa na wawili, kila mmoja inchi kumi na sita, saizi ya kikaango. Kisha ufito wa Orlen ulipinda hadi majini. Alizungusha gurudumu la uzi kwa mkono wa kushoto huku akilaani bega lake, akilaani daktari, akilaani mawimbi yasiyokuwepo. Ardis aliachia injini, akamkinga samaki kwa wavu.

Alikuwa mzuri, mgongo wa dhahabu, macho meupe kama taa za gari kwenye ukungu. Orlen alimlaza kwenye rula. Inchi ishirini na moja. Kwa sheria ya ziwa lile, samaki mwenye zaidi ya inchi kumi na nane na asiyefika ishirini na sita hurudishwa majini.

Orlen alimpima tena. Akambana mkia, akampima mara ya tatu.

"Mpime mpaka Jumatatu," Ardis alisema, "hatapungua."

Orlen akamrudisha. Kwa hilo lazima asifiwe: hajawahi kuiba samaki hata mmoja.

Saa tano na nusu walikuwa na wanne. Orlen ndiye aliyewatunga, kwa mkono mmoja na meno, kwenye kamba ya njano, na kamba akaifunga kwenye pete ya nyuma kabisa, karibu na kiwiko cha Ardis, mahali ilipofungwa miaka yote. Samaki wakaning'inia majini wakiwa hai. Orlen alirudi mbele, akatazama saa.

"Twende," alisema.

Ardis akaongeza moto wa injini.

Kulisikika kishindo kizito, kama shuka limenaswa kwenye mashine ya kufulia. Injini ikazimika. Kipande cha kamba ya njano kilielea nyuma ya boti, na mbali kidogo samaki wanne, bado wametungwa pamoja, walizama kwenye maji meusi.

"Mtungo!" Orlen alisimama, boti ikayumba. "Hukuvuta mtungo ndani! Mwenye kukaa kwenye injini ndiye anayevuta mtungo! Kila mtu anajua!"

"Kila mtu nani?" Ardis aliuliza. Sauti yake ilikuwa chini, jambo ambalo Orlen aliliogopa kuliko kelele. "Humu tumekuwa wawili miaka arobaini na mmoja. Mmoja alikaa kwenye injini. Mwingine alikaa hapo ulipo wewe, akiambiwa asiguse kitu. Sasa huyo wa pili angejulia wapi? Uliwahi kumwambia?"

Orlen alitazama kipande cha kamba kilichoelea.

"Uliwahi?"

"Sikudhani," Orlen alisema, "kama kuna siku mtu mwingine atakaa hapo."

"Basi kaa chini kabla hujatumwaga."

Akakaa. Ardis aliinua injini, akalala kifudifudi juu ya ukingo wa nyuma, na kwa kisu cha kuparia samaki akaikata kamba iliyojisokota kwenye pangaboi, uzi baada ya uzi, mbu wakimfaidi shingoni. Ilimchukua robo saa. Mara mbili Orlen alinyoosha mkono mzima kutaka kusaidia, na mara mbili hakufika. Ardis aliishusha injini, akavuta kamba ya kuwashia. Ikawaka kwa mvuto wa kwanza.

"Wale wanne wanahesabika," Orlen alisema kwa unyonge. "Tumeshawachukua. Sheria inaturuhusu wanane kwa siku, tumebakiza wanne tu kwa leo."

"Najua kuhesabu, Orlen."

Kwenye Mwamba wa Hedlund moto ulikuwa umekolea. Delmar alikuwa na viazi, vitunguu, makopo mawili ya maharage na kikaango chenye mafuta yanayotoa moshi. Nyama haiji kwenye mwamba ule. Ukija na soseji umeliambia ziwa kwamba hulitegemei.

"Haya, leteni!" Delmar alipiga mikono. "Mafuta yanaungua."

Orlen alishuka mikono mitupu.

"Shemeji Ardis? Wako wapi?"

Ardis alifunga boti kwenye mti. Hakutaka kujitetea, na hakutaka kusikia. Aliiona nyumba tayari, na kibao cha kuuzwa kimechomekwa katikati ya stroberi zake.

"Nani alikuwa kwenye injini?" Delmar aliuliza akianza kucheka.

"Mtungo niliufunga mimi," Orlen alisema. "Niliufunga mahali pabaya."

Delmar aliacha kucheka, akamtazama kaka yake kama anayetafuta alama za homa. "Wewe?"

"Kaanga viazi, Delmar."

Walikula viazi na maharage. Delmar alirudiwa na uchangamfu, akauliza kama maharage yale yana miiba, kama yalikuwa inchi ngapi, kama yamerudishwa yaliyozidi kumi na nane. Ardis alimpiga kwa kitambaa cha vyombo. Orlen alikula akitazama boti.

Alipomaliza, aliinuka wa kwanza, akashuka kwenye boti kwa shida, akitaka kusaidiwa na papo hapo asitake. Ardis alimfuata akiwa na kopo la ruba. Alimkuta ameinama mbele, kamba mpya mdomoni, anaifunga kwenye pete ya mbele, karibu na goti lake mwenyewe. Fundo lilimponyoka mara tatu. Ardis alimwacha alifunge mwenyewe.

Waliposukuma boti kutoka mwambani, Orlen alisema bila kugeuka, "Gati letu lina mbao mbili zimeoza. Mwakani itabidi zibadilishwe."

"Mwakani?"

"Tazama mbele."

"Mbele ipi? Yako au yangu?"

Ardis aliirudisha boti kinyumenyume kuelekea ukingo ule wa mwamba ulio chini ya maji. Alipunguza moto, akapunguza tena, hadi injini ikawa inapumua tu.

"Polepole," alisema Orlen.