Mkono Nyuma ya Shingo

Mama mwenzangu, kama una mtoto uliyemzaa, ukamnyonyesha, ukamfulia nepi, na sasa unajidai unamjua kuliko anavyojijua mwenyewe, kaa kitako unisikilize. Nakuandikia yaliyotokea Jumapili moja mezani kwangu ili yasikukute na wewe.

Nyumbani kwetu tunacheza poka. Usinune kwanza. Hakuna senti inayowekwa mezani, hilo nilikataa tangu mwanzo. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo tunachezea vifungo: vidogo vya shati, na vile vikubwa vya koti ambavyo kimoja kina thamani ya vidogo kumi. Kila mtu anapewa karata tano, anatupa asizozitaka, anapewa nyingine badala yake, kisha watu wanaanza kusukuma vifungo katikati. Asiyetaka kufuata anatupa karata zake. Aliyeishiwa vifungo anainuka. Anayebaki mwisho ndiye mshindi, na zawadi yake ni neno moja. Neno hilo linaweza kuhusu jambo lolote la nyumba zetu, na wote tulioketi pale tunalifuata bila ubishi. Kinyozi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliposhinda alitamka kwamba jogoo wangu ahamishwe, na jogoo akahama. Wifi yangu aliposhinda alimkataza mdogo wangu kuvuta sigara ndani, na mpaka leo dereva yule mzima, mwenye mvi kidevuni, anavutia uani kama mwizi.

Mume wangu ndiye anayegawa karata. Yeye hachezi, maana akipata karata nzuri anatabasamu mpaka masikio yanasogea.

Sasa, Jumapili ile nilikuwa na jambo kifuani. Kitinda mimba wangu, msichana mzima anayeshona pamoja nami, alikuwa amejifunza kuendesha malori makubwa kwa mjomba wake, huyo mdogo wangu. Kimyakimya akapata leseni. Kampuni ya mjomba wake ikamtaka awe dereva wa pili kwenye safari za mbali, na jibu lilitakiwa Jumatatu asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshasema hapana. Nilisema hapana jikoni, nikasema hapana kwenye cherehani, na baba yake anadai nilisema hapana hata usingizini. Kila nikifumba macho nilikuwa naona lori limelala ubavu na magurudumu yanazunguka.

Naye hakutaka kuondoka bila radhi yangu. Basi tulipokuwa tunagawana vifungo baada ya chakula cha mchana, akaniambia huku anavipanga vyake vizurivizuri, "Mama, hili tuliweke mezani. Ukishinda wewe, lori silitaji tena. Nikishinda mimi, naondoka na radhi yako."

Mjomba wake akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mimi nikakubali palepale, kabla hata hajamaliza kupumua, kwa sababu niliona nimeshashinda. Watu wale nimewapima mabega na viuno, nimewashonea suruali na magauni, najua nani amenenepa na nani anabana tumbo. Nyuso zao nazisoma kama ninavyosoma tepu ya kupimia.

Nikuoneshe. Kinyozi vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havitulii. Muda wote vinakata hewa, cha, cha, cha, kama vimeshika mkasi. Akipata karata nzuri vinasimama. Wifi yangu ni mpishi mkuu wa shule, mwanamke wa kufokea watu mia mbili kabla ya saa nne, lakini akiwa hana kitu mkononi anakuwa mpole. Akiniita "wifi yangu kipenzi" mimi najua pale hakuna karata, kuna takataka. Mdogo wangu, yeye ana ya udereva. Kabla ya kupandisha vifungo kwa nguvu anatupa jicho kuliani, kwenye kioo cha pembeni ambacho hakipo, kama anayetaka kulipita gari la mbele. Akitazama, ana karata. Asipotazama, anatutisha tu.

Na binti yangu? Huyo ndiye niliyemjua kuliko wote. Tangu ana miaka minne, akinidanganya, mkono unapanda nyuma ya shingo. Sukari imepungua, nani kala? Mkono shingoni. Sahani imevunjwa na paka? Mkono shingoni. Mwalimu hajatoa kazi ya nyumbani leo? Shingoni. Sijawahi kumwambia mtu. Niliiweka siri hiyo kama mwenzako anavyoficha ufunguo wa kabati.

Tukaanza. Nilijua mdogo wangu akishinda, neno lake litakuwa la kumruhusu mpwa wake, kwa hiyo ilibidi niwatoe wote mmoja mmoja. Karata nilikuwa nazishika kwa mikono miwili.

Kinyozi ndiye aliyetangulia. Alisukuma rundo zima la vifungo vya koti na uso mkavu kabisa, uso wa mtu anayesubiri mteja, lakini nikatupa macho mezani: cha, cha, cha. Mkasi unakata. Nikafuata kwa nane mbili tu. Akafunua, hana hata jozi. Akainuka akisema kwamba mezani kwangu mtu anyolewe kichwa kwanza ndiyo aingie, maana mimi naona mpaka ndani ya nywele. Hakwenda kwake. Alivuta stuli akakaa nyuma ya mume wangu aangalie.

Wifi alinisumbua. Alinilia vifungo vingi kwa fujo, akinikejeli kwamba nishone vingine kama naweza. Nikavumilia. Nilitupa karata, nikatupa tena, nikasubiri upole uje. Ukaja. Alisukuma vyote, akaniegemea begani, akasema, "Wifi yangu kipenzi, kwani goti lako siku hizi linaendeleaje?"

Nilimjibu kwamba goti ni zima na ninafuata. Wenzangu walicheka mpaka mume wangu akaangusha karata. Wifi alikuwa na tano, saba, na ndugu wengine wasiojuana. Akanitazama kwa muda mrefu, akauliza nimejuaje. Nikamwambia nimebahatisha.

Tukabaki watatu, na sasa hata kikombe cha chai hakikuguswa. Mdogo wangu akapandisha. Alikuwa amekaa vizuri, mabega yamepanuka, kila kitu chake kinasema nina karata. Ila jicho halikwenda kuliani. Lilibaki mbele. Nikamwuliza moyoni, unalipita gari bila kutazama kioo, wewe uliyeendesha miaka yote hii? Nikafuata kwa tisa mbili. Alikuwa na malkia mmoja mpweke. Akapiga meza kiganja, akasema, "Dada, wewe ungekuwa trafiki tungeuza malori yote," akaenda uani kuvuta sigara yake, akarudi kabla haijafika nusu.

Basi. Mimi na mwanangu. Rundo langu lilikuwa kubwa, lake kubwa vilevile, maana wakati mimi nawala hao wengine na yeye alikuwa anadonoa polepole pembeni, sauti haitoki. Mume wangu alichanga karata mpaka Kinyozi akamwambia zitachanika. Akagawa.

Nikainua zangu. Malkia. Malkia. Na mwingine. Malkia watatu, mama mwenzangu, kabla hata ya kubadilisha. Masikio yakaniwaka moto. Nikashusha karata taratibu, nikanyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa na kikunjo, nikaomba mbili. Hazikuleta kitu, na sikuhitaji kitu. Yeye akaomba moja.

Alipoinua hiyo moja, uso wake haukubadilika. Alikaa. Tulisikia bomba la uani likidondosha maji, na baba yake ni fundi bomba, anawatengenezea watu wa mtaa mzima ila sisi. Kisha akakusanya vifungo vyake vyote kwa viganja viwili, vya shati na vya koti, akavisukuma katikati.

Na mkono ukapanda nyuma ya shingo.

Sijui nikueleze vipi furaha niliyoipata. Nilitaka kusimama. Niliona sukari, niliona sahani, niliona paka wa watu aliyesingiziwa. Niliona Jumatatu asubuhi, cherehani mbili zinalia pamoja, yangu na yake, na lori la watu linaondoka bila yeye. Nikasukuma vyangu vyote. Vingine vilibiringika mpaka sakafuni, hakuna aliyeinama kuviokota.

"Malkia watatu," nikasema, nikawalaza mezani kama gauni la harusi.

Akafunua moja moja. Saba. Saba. Nne. Nne. Halafu ile moja aliyoomba: saba. Tatu na mbili kwa pamoja, na kwenye poka tatu na mbili zinapiga tatu tupu, wala hakuna mjadala. Kinyozi akasimama. Wifi akajishika mdomo. Mimi nilikuwa bado naangalia shingo ya mwanangu, na mkono ulikuwa bado upo palepale, na vidole vinatetemeka.

Nikamwambia umenidanganya. Umejua ninaijua shingo yako, ukaitumia. Akanitazama kama asiyeelewa lugha. Akauliza shingo gani. Akaushusha mkono akauangalia, na hapo nikajua kwamba hakuwa anajua. Maisha yake yote hakuwa anajua.

"Ila wewe mama," akasema, "ukiwa na karata nzuri unanyoosha kitambaa. Kila mtu hapa anajua."

Nikawageukia. Mdogo wangu akaangalia dari. Kinyozi akakohoa. Mume wangu, kwa uso wake ule usioficha, tayari alikuwa amekiri.

"Uliponyoosha nikajua utanifuata mpaka mwisho," akaendelea, "na ilipokuja ile saba nikajua nimekushinda. Nikaogopa mama. Nikaona nimeshakuacha hapa peke yako na hizi cherehani. Niliogopa karibu nizitupe karata."

Yale ya sukari yakarudi, lakini yalirudi kwa sura nyingine. Mtoto wa miaka minne, mbele yake mama amesimama na mwiko. Mkono ule haukuwa wa uongo. Ulikuwa wa woga. Aliogopa, na kwa sababu aliogopa ndiyo akadanganya, na mimi miaka yote nimesoma la pili nikaliruka la kwanza.

Mume wangu akasema mshindi atoe neno lake, sheria ni sheria. Tulijua atasema nini. Binti yangu akasogeza vifungo pembeni, akasema neno lake silo la lori.

"Kama hutaki, Jumatatu nitawajibu kwamba siendi, wala sitanuna. Neno langu ni hili: kuanzia leo, nikikuambia kitu, uniamini. Usinichunguze, usinipeleleze. Uniamini tu."

Nikaona ni rahisi, nikadhani nimenusurika. Nikakubali mbele ya mashahidi wote.

"Haya," akasema. "Sasa nakuambia. Mimi naendesha lori vizuri. Sikimbizi gari. Nikichoka nampa mjomba usukani. Na nitakuwa narudi."

Mikono yake yote miwili ilikuwa mezani, juu ya kitambaa, imetulia.

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Wifi akaniuliza, wifi yangu kipenzi, unafuata au unatupa? Kila mtu alikuwa ananitazama, na nakuambia sijawahi kubanwa hivyo mezani kwangu. Ningesema simwamini, nimevunja neno la mshindi ndani ya nyumba niliyoitungia sheria mwenyewe. Ningesema namwamini, basi sababu ya kumkatalia sina tena. Nikajikuta nacheka na mimi, machozi yananitoka, nikamvuta kichwa nikambusu utosini. Nikampa radhi. Niliitoa kwa sauti, Kinyozi asije akasema hakusikia.

Jumatatu aliondoka na mto wa kukalia niliomshonea asubuhi ileile, kitambaa kigumu, zipu pembeni apate kuufua.

Sasa onyo langu. Mtoto wako ana alama, kila mtoto anayo, na wewe umeiona ungali unamlaza kifuani. Usijidai umeijua maana yake. Ukimwona anatetemeka usikimbilie kusema ananidanganya. Muulize kwanza anaogopa nini, na umuulize bila mwiko mkononi. Na wewe mwenyewe uangalie mikono yako, maana wao wamekaa mbele yako miaka hiyohiyo yote, wanakusoma.

Mwanangu hunipigia simu kila wakifika yeye na mjomba wake. Hofu haijaniisha, nisikudanganye. Simu ikilia napokea kabla haijalia mara ya pili. Ananiambia, mama, tumefika salama, mvua ilikuwepo lakini tulienda polepole. Mkono wake uko wapi wakati huo sijui, wala sina namna ya kujua. Namjibu sawa mwanangu, nimesikia. Kisha naweka simu chini, nakaa kidogo, na nikishtuka najikuta nanyoosha kitambaa cha meza.