Baba Mkwe Ndani ya Boti

Tangu mtoto azaliwe, fundi wa injini za boti alikuwa akilala peke yake kama kapera. Mkewe alijifungulia kwa wazazi wake, ng'ambo ya pili ya bwawa, na siku ya kurudi ilipofika baba yake alikunja uso. Mjukuu wake, alisema, hapandi boti ya mtu ambaye yeye mwenyewe hajamwona akiwa majini.

Basi asubuhi hiyo wakaenda kuvua, wawili tu, mkwe na mkwe.

Mzee alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, na watu walimwita Nyoosha kwa sababu maishani mwake hakuwahi kuona haja ya kona. Jaketi la uokozi alilivaa baada ya kubembelezwa kama mgonjwa anayekataa dawa, kisha akaliacha wazi, eti linambana kitambi. Fundi alitamani kumwambia alifunge. Lakini baba mkwe unamwambiaje afunge nguo? Akameza mate, akawasha injini.

Bwawa lilikuwa limetulia tuli, linapendeza, lakini utulivu huo ulikuwa uongo mtupu. Chini yake kulikuwa na msitu uliofunikwa na maji, na kila kiangazi maji yaliposhuka visiki vilisogea juu kimyakimya. Kisiki ulichopita juu yake mwezi jana, leo kinakupasulia boti. Vile vilivyojulikana, wavuvi walivifungia madumu matupu, na fundi alipita kati ya madumu hayo taratibu, akichoma maji kwa upondo kila alipotia shaka.

"Kijana, unaendesha au unatafuta sindano?"

"Natafuta visiki, baba."

"Mbona mimi sivioni?"

"Ndiyo ubaya wake, baba."

Mzee akaguna.

Walitia nanga mahali salama, na sato wakala chambo bila maringo. Mzee alipovua wa tatu alianza kuimba. Akasimulia jinsi alivyowahi kulitoa lori lake matopeni kwa ukaidi tu, na fundi akacheka kwa dhati, akaanza kumwona mkewe tayari yuko nyumbani na mtoto mgongoni.

Ndipo mshipi wa mzee ulipokazwa kwa nguvu. Mzee akasimama wima, kitambi mbele.

"Kambare! Huyu ni ndama, si samaki. Ng'oa nanga tumfuate!"

Samaki alikuwa amekimbilia ng'ambo ya madumu, kwenye visiki vitupu.

"Baba, tafadhali, tukae kidogo..."

Mzee hakusikia la mtu. Alikanyaga ukingo, boti ikalala upande, maji yakaingia. Hapo heshima yote ikamtoka fundi.

"Baba, kaa chini! Kaa, na ufunge hilo jaketi!"

Mzee akaketi kwa mshangao, akafunga mikanda yote. Fundi akachomoa kisu, akaukata mshipi. Kambare akaenda zake.

Walirudi taratibu, dumu hadi dumu. Fundi alijua amejimaliza. Kumfokea baba mkwe na kumnyang'anya samaki wake, yote mawili kwa pumzi moja! Moyo ulimuuma, na kila neno la kuomba radhi alilolitunga lilimfia mdomoni.

Mkewe aliwapokea ufukweni, mtoto kiunoni.

"Vipi, baba?"

"Mumeo amenifokea."

Mke akamtazama mumewe, mdomo wazi. Fundi akainamisha kichwa.

"Na mshipi wangu ameukata. Kambare wa kulisha ukoo mzima, mwanangu, kaenda hivihivi." Mzee akashuka, akamchukua mjukuu wake, akamnusa kichwani. "Nilitaka kujua huyu mumeo anaogopa nini zaidi, mimi au maji. Angeniogopa mimi, ungeendelea kukaa hapa."

Akamgeukia binti yake.

"Unangoja nini? Kafungashe nguo za mtoto, mwondoke kabla upepo haujaanza."

Fundi alitaka kushukuru, akaona machozi yanamtangulia. Akageuka upesi, akajifanya anakagua injini.