Shikamoo Hewani

Magreti aliamka na hasira, na hata maji ya kunawa uso hayakuipoza. Filipo, mkwe wake, alikuwa ameanza tena. Kimashine cha maandishi kilichokaa mezani karibu na dirisha kilikwaruza, na kwenye kioo chake chembamba maneno yakajipanga: kreti za bia, nyama ya mbuzi, wageni wameshafika Dumila, gari likawachukue. Biashara. Biashara hewani, tena kwa leseni yake yeye!

Kimashine chenyewe hakizidi ukubwa wa daftari la shule. Kina vitufe vya herufi na waya wa kuungia redio kolu, ile ya kuwasiliana na watu wa mbali, unatembea nacho begani. Ukiandika Kilosa, mwenzako aliyeko Mikumi anasoma papo hapo, hata simu za nguzo zikiwa zimekufa. Magreti alikuwa ametumiwa viwili na waredio wa ridhaa wa ng'ambo, wanaorusha mawimbi bila malipo, rafiki zake wa hewani asiowajua sura, mwaka ule reli ilipompunguza kazini baada ya kula ujana wake wote akipeleka simu za maandishi pale stesheni. Hewa ya ridhaa haiuzwi. Leseni inasema hivyo, na Magreti aliishika leseni ile kama wengine wanavyoshika msahafu.

Kimoja alimpa Filipo, akamfundisha kwa mkono wake. Mwite mtu kwanza, mwamkie, ngoja akuitikie, ndipo useme lako. Usimwage habari kwa mtu usiyejua kama yupo. Filipo alishika somo. Halafu kambi mpya ya watalii ya Mikumi ikamwajiri, ikanunua kimashine chake yenyewe, na wote wakajibanza kwenye leseni ya Magreti kama kupe. Alipomkemea, kijana alijibu kwa adabu zote kwamba siku hizi kila kitu ni ruksa, mama.

Usiku uliopita hasira hiyo ilimwangukia Imelda, binti yake, aliyekuja kumtembelea. Magreti alimwambia mumewe ni mwizi, anaiba hewa ya watu mchana kweupe. Imelda aliingia kulala. Asubuhi alimwamkia mama yake kama kawaida, uji hakuugusa, akatoka bila mzigo kwenda kupanda treni ya Mikumi. Filipo hakuwa na habari kwamba mkewe anarudi siku hiyo.

Mvua za Elinino zilikuwa zimepumzika kidogo. Magreti alikaa kuchambua maharage, na kimashine kikakwaruza.

"Shikamoo mama. Filipo hapa."

Alisoma, akasonya. Hapati marahaba yangu, alisema moyoni, aniamkie mpaka vidole viote sugu. Na hilo si jambo dogo kwao. Mtu akimwamkia mkubwa asiitikiwe, anajua ametolewa nje ya nyumba. Ndivyo hasa Magreti alivyotaka ajue.

"Shikamoo mama."

Akaendelea na maharage yake. Treni ikapiga honi stesheni, akaisikia ikijikokota kuondoka, akamfikiria Imelda na lile tumbo lake lisilo na hata uji, akazidi kumkasirikia Filipo kwa hilo pia.

"Shikamoo mama. Upo?"

Upo! Sasa ananihoji. Maharage yakamwagika mapajani alipoinuka, akaenda kubonyeza vitufe kwa kidole kigumu ili amalize mambo. Aliandika: "Marahaba. Usiniandikie tena."

Jibu lilikuja pale pale, kama lililokuwa limesimama mlangoni.

"Mama, niko Kilangali. Mafuriko yamekula tuta, reli inaning'inia. Zuia treni isitoke."

Magreti alilisoma jina la Kilangali, katikati ya njia ya Mikumi, kana kwamba hakuwahi kulisikia. Kisha akaandika, herufi zikimtoroka: "Imeshatoka. Imelda yumo. Kimbia."

Hakungoja jibu. Naye alikimbia, peku, hadi stesheni, ambako mkuu wa stesheni, Lupakisyo, alimwambia simu ya njia imekufa tangu jana na hakuna wa kumwita. Magreti alimtukana. Aliitukana mvua, akaitukana kambi na bia zake, akawatukana waliomtoa kwenye kiti chake ndani ya stesheni ile. Watu walimwacha atukane.

Alasiri treni ilirudi kinyumenyume, mabehewa mbele, kichwa nyuma. Walioshuka walisimulia juu ya mtu aliyekuja akikimbia peku katikati ya reli, shati mkononi, akilipunga, wala hakutoka njiani mpaka treni iliposimama. Huyo mtu, Filipo, alishushwa kwa kubebwa. Kokoto zilikuwa zimemchana nyayo.

Imelda alifika nyumbani kutafuta kitambaa cha kumfungia vidonda. Woga ulipomtoka Magreti, hasira ilirudi mahali pake, akauliza ni mtu gani anayeona reli imekatika kisha anakaa kuamkia.

"Uliyemfundisha wewe," Imelda alisema.

Alikuwa ameinamia kioo, akizisoma zile shikamoo zilivyopangana. Kisha akauliza, taratibu, "Zilipoingia, ulikuwepo?"

Magreti angeweza kusema alikuwa kisimani. Maharage yalikuwa yametapakaa sakafuni chini ya meza.

"Nilikuwepo."

Imelda alichukua kitambaa akaondoka. Yeye na mumewe walilala kwa Hildegarda, jirani wa nyumba ya tatu. Asubuhi alirudi kuchukua mfuko wake wa nguo. Magreti alikuwa kizingitini tangu kulipopambazuka, akamwona anakuja, akajiweka sawa. Tangu ajue kusema, Imelda hakuwahi kumpita mama yake asubuhi bila kumwamkia.

Aliingia, akachukua mfuko, akatoka. Magreti alikuwa ameshafungua mdomo kuitikia.