Feni Isiyotunza Siri

Kazini walimwita Mishale, na jina lilimkaa kama kofia ya kupimwa. Kampuni yao ilitengeneza feni, na ndani ya kila feni kuna kompyuta ndogo kama ukucha inayoiamuru. Kabla kompyuta hiyo haijatengenezwa, akili zake zilichorwa kwanza: vijisanduku vimejipanga, mishale inatoka hiki kwenda kile, kila mshale umebeba habari. Kazi ya Mishale ilikuwa kuipaka rangi nyekundu habari ya siri, kisha kuangalia rangi inatiririkia wapi. Ni kama kumwaga wino mtaroni halafu ukimbilie kule chini uone utatokea uani kwa nani.

Feni hii mpya ilikuwa na akili kuliko baadhi ya mashemeji. Ingefungwa kwenye nyumba za ghorofa, inuse hewa ya chumbani, ijue pumzi ni nyingi au chache, ijiongezee mwendo yenyewe. Mwendo huo ungeonekana kwenye ubao mlangoni mwa jengo, ili msimamizi ajue feni ipi imeharibika. Waliomo ndani ni wangapi: siri. Mwendo wa feni: wa kila mpita njia. Mishale akapaka wekundu kwenye pumzi, akafuata. Rangi ikapita kwenye kichujio, ikapita kwenye kijisanduku cha kupiga wastani, ikaibukia ubaoni, nyekundu pyu. Maana yake, mwizi akisimama pale mlangoni anasoma tu: nyumba ile imejaa, ile tupu, yule yuko peke yake.

Aliyeibuni feni ni jamaa mwenye kitambi na maneno, waliyemwita Kipupwe. Alicheka. Alisema wastani umeshasaga kila kitu, na unga haurudi kuwa mahindi. Mchoro ni mchoro tu, akasema. Kwenye mchoro hata yeye ni mwembamba. Akataka rekodi ya nyumba ya kweli, yenye pumzi za kweli, la sivyo kesho kazi inakwenda kiwandani. Mkuu wa idara, mama asiyependa kelele, akakubaliana naye: kikao baada ya chakula cha mchana, Mishale alete ushahidi.

Ushahidi ulikuwepo. Feni ya majaribio ilikuwa imefungwa kwenye nyumba ya mfanyakazi mmoja tu, kimyakimya, na mfanyakazi huyo ni Mishale mwenyewe.

Hapo ndipo mfupa ulipokwama kooni. Ofisi nzima ilijua Mishale anaishi na mdogo wake wa kike, na huyo mdogo mtu alikuwa maarufu pale kuliko mlinzi wa getini. Ukimwalika Mishale sherehe, mdogo wake anaumwa. Ukimwambia mpite mahali mnywe chai, mdogo wake kasahau funguo. Watu walimtumia salamu, na kesho yake salamu zilirudi zikiwa na utani ndani. Ukweli ni kwamba mdogo mtu alishaolewa, akahamia mbali, tangu mvua za mwaka juzi. Siku ya kwanza Mishale aliona haya kusema kwamba nyumba imekuwa kubwa. Siku ya pili akaona amechelewa. Uongo ukakua, ukaota meno, ukavuta kiti ukaketi mezani naye.

Alikaa na rekodi ile mbele yake akafikiria kuiacha. Angesema haikupatikana, nani angejua? Feni zingeuzwa, na mahali fulani mwanamke mwingine anayefunga mlango peke yake angesomwa na mtu mbaya akiwa amesimama tu. Akainyanyua, akaenda.

Kikaoni akautandaza ukutani mstari wa mwendo wa feni, hakueleza kitu, akamwomba Kipupwe awasomee wenzake anachokiona.

Kipupwe akaanza kwa mbwembwe. Hapa asubuhi, nyumba tupu. Hapa jioni feni inaamka, mtu kaingia. Akasogea karibu, akanogewa kama mpiga ramli aliyepata mteja. Hapa kalala. Jumamosi kashinda ndani. Jumapili vilevile.

"Wiki nzima mstari haujapita kimo hiki," akasema. "Huyu ni mtu mmoja tu, na hagongewi mlango. Maskini, ni nyumba ya nani hii?"

"Yangu."

Mkuu wa idara akaikazia macho kalamu yake. Kipupwe, ambaye ndiye alikuwa bingwa wa kutuma salamu, aliteremsha mkono kutoka ukutani.

"Na mdogo wako?" akauliza taratibu.

"Hujawahi kukanyaga kwangu, kaka. Umenijua kwa feni tu. Haya, niambie tena habari za unga na mahindi."

Mkuu wa idara akaamua hakuna kinachokwenda kiwandani: mshale ule ukatwe, ubao uonyeshe feni nzima au feni mbovu, basi. Wakatoka, kila mmoja akimpisha Mishale mlangoni kama anayempisha mfiwa. Adabu ile ilimuuma kuliko kuchekwa.

Baadaye Kipupwe alifika mezani kwake, kitambi kikimtangulia. Akauliza mdogo mtu yuko wapi hasa. Mishale akamwambia yote, akamwomba yasifike kwa wenzao wa ghorofa ya chini.

"Dada, mimi si feni," Kipupwe akasema.

Kicheko kilimtoka Mishale bila ruhusa, hadi machozi. Njiani akacheka tena, peke yake. Alipofungua mlango wa nyumbani utani ule ulikuwa tayari ulimini, viatu bado miguuni, ndipo akakumbuka hakuna wa kumsimulia. Feni ikanusa hewa, ikaanza kuzunguka polepole, mwendo wa mtu mmoja.